USINILE

Simulizi ya Jumamosi

SEHEMU YA KWANZA

Wewe uko juu ya hadubini, mimi niko chini yake. Nimekatwa unene wa mikroni 4, nikachovywa kwenye rangi ya zambarau, nikachovywa tena kwenye rangi ya waridi, kisha nikafunikwa kwa kioo chembamba kama maiti aliyefunikwa shuka. Daktari wa patholojia anayenitazama ana kikombe cha chai ya tangawizi mkono wa kushoto na bado hajanitambua. Akifika kwenye kona yangu ananipita haraka. Anaona mlinzi, na mlinzi hana habari.

Mlinzi nilikuwa kweli. Jina letu la kitaalamu ni makrofeji, yaani mlaji mkubwa, na ukoo wetu una historia. Mwaka 1882 huko Messina, kisiwani Sicily, Ilya Metchnikoff alichoma miiba ya bustanini kwenye kitoto cha kiti cha pweza, kiumbe unachoweza kukiona mpaka ndani yake. Usiku ule hakupata usingizi. Alfajiri akakuta seli zimeuzunguka mwiba pande zote kama watu waliosikia yowe la mwizi. Mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel. Sisi tuliendelea kula.

Maana kazi yetu ndiyo hiyo, kula. Tunakula bakteria, tunakula seli zilizozeeka, tunakula mabaki. Mimi nilizaliwa kwenye uboho wa mfupa wa mama mmoja wa Tanga, muuza vitumbua, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Vitumbua. Nikapangiwa lindo titi la kushoto, upande wa juu karibu na kwapa. Watoto wanne wamenyonya hapo. Kila mmoja alipoachishwa ziwa, walinzi walionitangulia ndio waliokula vile vyumba vya maziwa visivyo na kazi tena, wakasafisha mpaka pakawa kama hapajawahi kukaa mtu.

Usiniulize nilisikiaje maneno ya nje nitakayokusimulia. Simulizi ni simulizi.

Siku hiyo jiko lilikuwa limezimwa na mwili umepoa, nikasikia harufu. Kwetu harufu ni barua. Hii ilikuwa CSF-1, na kwa mlinzi hakuna barua tamu kama hiyo, kwa sababu ni chakula na ajira kwa pamoja. Ukiipata unaishi. Nikaifuata. Njia ikanifikisha kwenye ukuta wa mrija mmoja wa maziwa, na ukuta ulikuwa umetoboka.

Alikuwa amesimama hapo peke yake. Kiini chake kikubwa kupita kiasi, kimekunjamana, kimemkaa kama mtoto aliyevaa kofia ya baba yake. Alikuwa anajigawa. Hata aliponiona hakuacha. Alimaliza, wakawa wawili, wote wakanigeukia.

Nitamwita Mwenyeji, maana hakutoka popote. Hakuja na mbu wala maji machafu. Wazee wake wote waliishi kwenye mrija uleule. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakutwambia kwamba kikulacho kinaweza kuwa na kitambulisho halali cha nyumba.

Nikafungua mdomo. Sura yake peke yake ilitosha kunipa haki ya kumla. Nikamshika, nikaanza kumzungushia utando, na hapo ndipo nilipogusa ngozi yake. Ilikuwa imejaa CD47. Kila seli nzima ya mwili huivaa protini hiyo, kwa kiasi, iwe alama kwetu walaji kwamba huyu ni mzima, mpite. Yeye alijivika kuanzia shingoni hadi miguuni kama bi harusi na dhahabu zake. Na ujumbe wa CD47 ni neno moja tu.

“Usinile.”

Mdomo ukajifunga wenyewe.

“Mlinzi,” akasema kwa upole, “nimeumia. Nisaidie.”

Nikainama nilione jeraha. Nikakagua mbele, nikakagua nyuma, sikuliona. Ndipo nikasikia, mgongoni kwangu, sauti ya watu wanaojenga. Njia niliyojia ilikuwa inazibwa.

SEHEMU YA PILI

Ilipoishia: Mlinzi ameshindwa kumla Mwenyeji. Anatafuta jeraha aliloambiwa lipo, na nyuma yake kuna ukuta unapanda.

Waliokuwa wanajenga nawafahamu. Ni faibroblasti, mafundi wa kovu. Ukijikata na kisu cha kumenyea muhogo, hao ndio wanaokuja kusuka nyuzi za kolajeni mpaka ngozi ishikane, kisha wanakusanya vifaa vyao wanaondoka. Anayewapa oda ni molekuli iitwayo TGF-beta. Mwenyeji alikuwa anaimwaga kwa wingi, na mafundi hawakuuliza imetoka kwa nani. Fundi gani huuliza? Wakasuka, wakasuka. Uvimbe wa titi ukiubonyeza ukausikia mgumu kama kokwa la embe, sehemu kubwa ya ugumu huo ni kazi ya mikono yao. Seli zenyewe za saratani ni laini.

“Mnaziba jeraha gani?” nikawauliza.

“Tumeambiwa lipo,” akajibu mmoja, hata hakugeuka.

Mwaka 1986 Harold Dvorak, daktari wa Boston, aliandika kwamba uvimbe wa saratani ni jeraha lisilopona. Laiti makala ile ingenifikia. Sisi walinzi tuna sura mbili. Mwizi akiwepo tunaua: tunatema sumu, tunapiga yowe, tunaita wenzetu. Mwizi akishakufa tunageuka wauguzi. Tunatuliza, tunalisha, tunaita mishipa mipya ya damu. Wataalamu wamezibatiza sura hizo M1 na M2, ingawa siku hizi wenyewe wanakiri kwamba maisha yetu hayagawanyiki kirahisi namna hiyo. Mwenyeji aliniita kwa sura ya pili, akanifungia humo.

Sikupewa hongo. Nataka hilo liandikwe. Nilidhani nauguza.

Nikatoa VEGF, mishipa ikaja. Judah Folkman alishasema mwaka 1971 kwamba uvimbe usipojipatia mishipa yake hauvuki milimita chache, na wenzake wengi hawakumwamini. Mishipa yenyewe ilikuja ovyo, imepinda, inavuja kama bomba la mtaani. Mwenyeji hakujali. Alikuwa anabugia sukari hata pale oksijeni ilipokuwepo, kama Otto Warburg alivyoona miaka ya 1920, na kutema asidi ya laktiki kila upande. Mtaa ukawa mchachu. Na mimi kadiri nilivyokaa kwenye uchachu ule ndivyo nilivyozidi kuwa mpole.

Huko nje, jioni moja, Mama Vitumbua alikuwa anaoga. Mkono ukasimama. Akatoka na kanga kifuani, akamfuata wifi yake barazani.

“Wifi, hebu nishike hapa.”

“Wapi, hapa? Mh! Panauma?”

“Hapaumi hata kidogo.”

“Kama hapaumi basi tezi tu hiyo. Paka mafuta ya nyonyo, itayeyuka.”

Wifi hakuwa na nia mbaya. Sote tumezoea kuogopa kinachouma, na uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi hauumi. Wakati ule ulikuwa na upana wa sentimita moja. Ndani ya sentimita hiyo hukaa seli kati ya milioni 100 na bilioni moja, na usifikiri zote ni za ukoo wa Mwenyeji. Kwenye baadhi ya uvimbe wa matiti sisi walinzi peke yetu tunaweza kufikia nusu ya uzito. Mafuta ya nyonyo yakapakwa kila usiku, miezi minne.

Ndani ya miezi hiyo wakaja seli T.

Hao ndio askari wenyewe. Huoneshwa vipande vya mtuhumiwa kwenye tezi za kwapani, kisha hutumwa. Niliwasikia wakifika nje ya ukuta wa kolajeni, mamia kwa mamia, wakizunguka kutafuta pa kupenya. Wengi waliishia hapohapo. Tisa wakaingia.

Wa mbele alikuwa kijana mwembamba, kiini kimemjaa mwili mzima, ana haraka zake. Akampita huyu, akampita yule, akafika kwa Mwenyeji akasimama. Akamshika kifua, akasoma kipande cha protini kilichobandikwa nje. “Ndiye,” akasema, na nikaona anausogeza mfuko wake wa sumu mbele.

Mwenyeji akanyoosha mkono taratibu. Mkononi alikuwa na PD-L1.

Kila seli T aliyeamshwa ana breki kifuani, inaitwa PD-1. Maabara ya Tasuku Honjo huko Kyoto iliitambua mwaka 1992, kabla hata ya kujua kazi yake. Breki hiyo haikuwekwa na adui. Mwili wenyewe uliiweka, ili askari asiendelee kupiga watu mtaani baada ya mwizi kufa. PD-L1 ni mguu unaoikanyaga. Leo zipo dawa za kuikinga breki hiyo isikanyagwe, na mwaka 2018 Honjo akagawana Tuzo ya Nobel na Mmarekani James Allison, aliyeishughulikia breki nyingine iitwayo CTLA-4. Bei ya dawa hizo ina simulizi yake, na zamu yake itafika.

Kijana akakwama. Mfuko wa sumu ukabaki umening’inia. Akageuza uso akanitazama mimi, mlinzi mwenzake, nimsaidie.

Na mimi nikanyoosha mkono. Na mimi nilikuwa na PD-L1.

Hilo ndilo ninaloungama kwenye kioo hiki. Mengine yalifuata tu kama mkia. Nilitoa kimeng’enya cha ajinesi kikaila ajinini yote ya mtaa, na seli T akikosa ajinini hazaliani. Nilituma harufu ya CCL22 kuwaita wasuluhishi. Hao ni seli T wa namna yake, wale ambao Shimon Sakaguchi aliwatambulisha mwaka 1995 na ambao mwaka 2025 walimpatia Tuzo ya Nobel pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell. Ni watu wa heri; bila wao mwili ungejishambulia wenyewe. Wakaja na salamu zao, wakapita kwa askari mmoja mmoja.

“Jamani, yaishe. Ni ndugu huyu. Yaishe.”

Yakaisha. Wanane wakachoka, wakakaa chini. Kijana mwembamba akabaki wima, macho kwangu.

“Wewe ulifika wa kwanza,” akasema. “Kwa nini hukumla?”

Sikupata nafasi ya kujibu. Mwenyeji alinishika bega, na safari hii sauti yake haikuwa ya mgonjwa.

“Mlinzi, nataka kusafiri. Wewe ndiye utakayenifungulia mlango.”

SEHEMU YA TATU

Ilipoishia: Askari wamepozwa. Mwenyeji anataka kutoka, na anajua nani ana ufunguo.

Kutoka kwenye uvimbe hadi mshipa wa damu ni safari ya kutambaa. Nyuzi walizosuka mafundi zilikuwa zimekazwa hadi zikanyooka, zikawa barabara. Tulikwenda kwa makubaliano: yeye ananipa CSF-1, mimi nampa EGF. Nikimpa anasogea, akinipa nasogea. Waliotazama uvimbe wa panya hai kwa hadubini waliona jozi kama sisi zikiongozana hivyohivyo, hatua kwa hatua, mpaka mshipani.

Mlangoni tulikuwa watatu: yeye, mimi, na seli ya ukuta wa mshipa. Nikaachia VEGF kidogo. Ile ya ukutani ikalegea, ikaachana na jirani yake kwa dakika chache, upenyo ukaonekana. Mwenyeji akaingiza kichwa.

“Mzigo nilishautanguliza,” alisema kabla hajazama.

Nikabaki nimeushika mlango. Akapita wa pili. Akapita wa tatu.

Maneno yale ya mzigo niliyaelewa baadaye. Uvimbe hutoa vifurushi vidogo mno, eksosomu, ambavyo husafiri na damu na kwenda kuandaa mahali hata kabla msafiri hajafika. Mwaka 2005 kundi la David Lyden wa New York lilionesha kwamba kwenye mapafu ya panya seli kutoka kwenye uboho hukusanyika kumsubiri mgeni ambaye bado hajatia mguu. Miaka kumi baadaye kundi hilohilo likaonesha kwamba vifurushi vina anwani: protini zilizo juu yake ndizo zinazoamua kama vitateremkia pafuni au kwenye ini.

Fikra yenyewe ni ya zamani zaidi. Stephen Paget, daktari wa London, mwaka 1889 alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi. Alikuta ini limeingiliwa kwa 241, bandama kwa 17 tu, na damu inafika kote kuwili. Akasema mbegu hutawanyika kila upande, lakini huota penye udongo unaoikubali. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kujulikana kwamba mbegu hii hutuma watu wakalime kwanza.

Watatu wale damu haikuwapokea vizuri. Wengi mno wanaoingia humo hufa, wengine kwa kusukwasukwa na mkondo tu. Wakibahatika, chembe sahani, zile za kugandisha damu, huwang’ang’ania na kuwafunika wasionekane. Watu wa nyumbani tena! Sikujua nani kafa na nani kafika.

Siku chache baadaye binti mkubwa wa Mama Vitumbua, aliyekuja likizo, akatandika kitanda cha mama yake na kukuta chupa ya mafuta ya nyonyo chini ya mto.

“Mama, kesho hukaangi. Tunakwenda hospitali.”

“Na oda za watu?”

“Watu watakula mkate.”

Daktari alimchoma ganzi, akamwambia, “Mama, utasikia mlio kama wa mtego wa panya, usishtuke. Nachukua kinyama kidogo tu.” Ta! Kwetu ilikuwa dunia kupasuka. Sindano nene ilipita ikatumeza sote: mafundi, askari waliochoka, wasuluhishi, kipande cha mshipa, ukoo wa Mwenyeji na mimi. Tukatumbukia kwenye formalini na kila mtu akaganda alivyokuwa. Mwongo akaganda katikati ya uongo wake. Tukasafirishwa hadi Dar es Salaam ndani ya kichupa kilichoandikwa namba. Huko ikaja nta, kikaja kisu, ikaja ile zambarau ambayo hutolewa kwenye gogo la mti wa Amerika ya Kati, ikafuata waridi.

Ndiyo hapa tulipo. Daktari anakisukuma kioo polepole. Anawaona seli T, nukta za zambarau iliyokolea, wamejipanga nje ya ukuta wa waridi kama abiria waliofika Feri pantoni imeshaondoka. Anaandika. Anakunywa chai. Anasogeza tena. Anafika kwenye kona yangu, na safari hii hanipiti.

Kwa sababu bado nimeushika mlango. Na mlangoni yupo wa nne, nusu ndani ya mshipa, nusu nje, ameganda akivuka.

Kikombe kinawekwa chini. Anabadilisha lenzi, anakuza. Ananitazama mimi, anamtazama yule, anarudi kwangu. Kisha anafanya jambo ambalo watu wa patholojia si kawaida yao: anachukua fomu, anatafuta namba ya ndugu wa karibu, anapiga mwenyewe.

“Shikamoo.”

“Marahaba, binti. Ni daktari wa maabara, Dar. Mama yuko wapi sasa hivi?”

“Yuko uani anakaanga, kuna oda ya harusi. Majibu yametoka, daktari?”

“Yametoka. Kwanza niambie, anaendeleaje?”

“Hajambo kabisa. Titi wala halimsumbui.” Kikapita kimya, nyuma yake mafuta yakisikika yanachemka. “Ila tangu juzi moshi wa jiko unamkohoza. Anakohoa hata jiko likizimwa.”

ITAENDELEA

Kati ya watatu waliopita mlangoni, nani aliyefika pafuni, na huko amemwambia nani asimle? Tukutane Jumamosi ijayo.